Mshumaa Ndani ya Wanga

Jumamosi, tarehe 29 Agosti 1998, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, upepo mkavu ulikuwa ukishuka kutoka milimani na kuipulizia Durban joto la tanuri. Mbingu haikuwa na wingu hata moja. Wiki nzima kabla ya hapo mji ulikuwa umelowa unyevu wa baharini, mashuka hayakauki, mikate inaota ukungu. Na sasa, ghafla, kila kitu kilikuwa kimekauka hata mbao za ukumbi wa Umbilo zikawa zinalia zenyewe bila kukanyagwa. Agathe alisimama kwenye mlango wa nyuma wa ukumbi huo, mikono ameifumbata kifuani, akiyatazama majani makavu yakikimbizana uani. Hakuipenda siku ya namna hiyo. Siku ya namna hiyo, aliwaza, kiberiti kimoja kinatosha.

Alikuwa mshonaji wa shule ya baleti ya Madame Clementina, na chumba alichoishi kilikuwa nyuma ya ukumbi, yeye na Tina, mtoto wa marehemu dada yake. Walitoka Uvira, Kongo, wakati wa vita vya mwaka 1996. Dada yake, Ghislaine, hakutoka. Nyumba ilipotiwa moto, Ghislaine alikuwa amevaa gauni la nailoni, na Agathe, aliyekuwa ng'ambo ya barabara amemkumbatia Tina, aliona jinsi nguo inavyoweza kumng'ang'ania mtu na kukataa kumwachia. Tangu siku hiyo hakuwahi kuwasha kiberiti. Alipikia jiko la umeme. Umeme ukikatika, walikula mkate mkavu. Kanisani, wenzake walipojipanga kuwasha mishumaa ya kuombea wafu, yeye alibaki kwenye benchi ameinamisha kichwa, na watu wakadhani ni unyenyekevu.

Onyesho la siku hiyo lilipewa jina la Sketi Inayopanda. Madame Clementina aliliwaza mwaka mzima. Alitaka kuwaonyesha wafadhili wake, watu wa Westville wenye magari na bustani, jinsi vazi la mchezaji wa baleti lilivyobadilika tangu enzi za kina bibi wa bibi zao. Kwanza wangeingia wasichana wanne waliovaa sketi ndefu nyeupe, zinazofika katikati ya muundi, kama zilivyoonekana Paris mwaka 1832, wakati ilipotakiwa mchezaji afanane na mzimu mpole asiye na uzito. Kisha wangekuja wenzao wenye sketi iliyopanda juu ya goti, kwa kuwa wachezaji wa Italia walichoka kuficha kazi ya miguu yao. Mwisho ingekuja tutu ile ijulikanayo na wote, bapa kama sahani, neti iliyowekwa juu ya neti, na waya mwembamba ndani yake kuizuia isilale. Sketi zote alizishona Agathe. Tangu Februari vidole vyake vilikuwa vimejaa matundu ya sindano.

Za kwanza ndizo zilizomkosesha usingizi. Madame alitaka ziwe za neti ya pamba tupu, kama za kale, na mbele ya jukwaa alitaka safu ya taa za mafuta zenye utambi wazi, kama za kale vilevile. Kioo cha kuzifunika alikikataa; kioo, alisema, kinawarudishia wageni sura zao wenyewe. Ni Madame huyohuyo aliyemsimulia Agathe, mwezi Julai, habari ya mchezaji kijana wa Paris ambaye mwaka 1862, akiwa katika mazoezi, sketi yake iliramba taa ya gesi. Alikaa kitandani miezi minane katika mateso, kisha akafa. Dawa ya kuloweka kitambaa kisishike moto ilikuwapo, lakini alikuwa ameikataa kwa sababu ilififisha weupe wa sketi. Madame alisimulia hayo huku akikoroga kahawa, kama mtu anayesimulia habari za jirani aliyehama. Agathe aliweka mkasi mezani.

"Basi miye sitashona, Madame. Mpaka neti iloweshwe dawa hiyo, sishoni."

Madame alicheka, akakubali. Agathe alichanganya boraksi na shabu katika maji ya uvuguvugu, akaloweka neti yote, akaianika kivulini. Spès, msaidizi wa Madame, msichana wa Kirundi mwenye mkono usiotetemeka, aliwasha kiberiti kwenye kipande cha majaribio wakati Agathe amesimama mbali, mgongo ukutani. Kipande kilifanya weusi ukingoni, kikatoa moshi, moto ukafa. Hapo ndipo alipoanza kuzishona sketi hizo nne.

Sasa akasikia wimbo wa Kilingala uliokosewa maneno, na mlango wa ua ukapigwa teke.

"Mama Agathe! Fungua mlango kabisa, mabibi harusi wamefika!"

Alikuwa Doudou, dobi wa barabara ya Umbilo, Mkongo wa Bukavu, mtu wa viatu vinavyong'aa na maneno mengi. Begani alibeba fito, na kwenye fito zilining'inia sketi nne ndefu. Hazikuning'inia, kwa kweli, zilisimama. Zilikuwa nyeupe kiasi cha kuumiza macho.

Agathe alimzuia mlangoni. "Nani alikupa hizi?"

"Madame mwenyewe, Alhamisi. Alisema zimelegea kama soksi ya mlevi, rangi yake kama maji ya kuosha sahani. Nikamwambia, Madame, enda ulale, Doudou iko kazini."

"Ukazifua?"

"Sasa nitie wanga juu ya uchafu? Mama, miye si fundi wa sokoni. Nimefua mara mbili, maji ikatoka safi kabisa."

Maji hayo, basi, yalikuwa yameondoka na boraksi yote. Agathe alinyoosha mkono, akashika pindo la sketi ya karibu. Neti ilikuwa na uteleziutelezi chini ya kidole gumba, na ilikuwa na mng'ao ambao wanga pekee hauwezi kuutoa. Aliufahamu mng'ao huo. Alikuwa ameuona kila Jumamosi kwa miaka sita, katika shule ya bweni ya masista kule Bukavu, wakati wasichana walipojipanga na kola zao mbele ya sufuria la wanga wa muhogo, na sista wa udobi akapita akichungulia.

"Doudou. Ndani ya wanga umetia nini?"

"Wanga wa muhogo. Wa kwetu, si ile ya kopo."

"Na nini?"

Dobi alitazama kushoto na kulia, akatabasamu kama mtu anayetoa zawadi. "Ile iko siri ya kazi, lakini kwako nitaficha nini, na weye ulikula ugali wa masista? Mshumaa, mama. Kwa kola moja unatia kipande kama ukucha. Lakini na hii unyevu ya Durban, na neti ndefu hivi… nikayeyusha pakiti nzima. Hata mvua ikinyesha, hizi zitasimama mpaka misa ya pili!"

Agathe aliliachia pindo la sketi. Hakuweza kumkasirikia. Hivyo ndivyo walivyofundishwa wote wawili kule Bukavu, na kola zao zilisimama, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuungua kwa sababu ya kola. Nani angefikiri kwamba ipo kazi duniani ambayo nguo iliyopigwa pasi inapelekwa kwenye moto ulio wazi?

Alikata kwa mkasi ncha ndogo ya neti kutoka upande wa ndani, akaiweka juu ya jiwe uani.

"Washa."

"Mama?"

"Washa, nakuambia. Miye siwezi."

Doudou alitoa kiberiti chake cha gesi, akachuchumaa, bado anatabasamu. Ncha ile haikungoja kuguswa. Ilivuta moto kwa mbali, ikatoa ulimi mrefu wa manjano usiolingana kabisa na udogo wake, ikadondosha matone yanayowaka juu ya jiwe, na upepo ukayasukuma matone hayo kuelekea kwenye majani. Doudou aliruka, akayakanyaga kwa viatu vyake vinavyong'aa, akayakanyaga tena. Alipoinua uso, tabasamu lilikuwa limemwisha.

"Eish," alisema kwa sauti ndogo. "Mama, miye sikujua."

"Najua hukujua. Twende kwa Madame."

Madame Clementina alikuwa jukwaani, amepiga magoti, akimimina mafuta katika taa. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini, mwembamba, aliyenyooka kama rula. Alizaliwa Bujumbura, binti wa Wagiriki wenye duka la vitambaa, na Kiswahili alikinyonya mgongoni kwa yaya wake. Ndiyo maana, siku Agathe alipobisha mlango wake akiwa na mtoto na mfuko mmoja wa plastiki, Madame alisikia salamu ya nyumbani, akafungua. Juma la pili baada ya hapo alisimama mbele ya ofisa aliyeshika karatasi za kuishi za Agathe, akasema, "Huyu ni mtu wangu, amenifanyia kazi mwaka mzima." Haukuwa mwaka. Zilikuwa siku chache. Lakini neno hilo moja lilitosha, karatasi ikapigwa muhuri. Tina alifundishwa baleti bila malipo, na leo, akiwa na miaka kumi na minne, ndiye angeongoza dansi ya kwanza.

Agathe alieleza. Alieleza taratibu, kwa mpangilio, kama alivyofundishwa kueleza: maji yaliyotoa dawa, mshumaa ulioingia, kipande kilichowaka. Doudou alisimama nyuma yake akiitikia kwa kichwa.

"Agathe wangu," Madame alisema, bila kuacha kumimina, "kila wiki unaniletea moto mpya. Juzi ilikuwa waya wa pasi."

"Njoo uone uani, Madame. Dakika moja."

"Dakika moja sina."

"Basi zima taa. Weka balbu."

"Balbu! Mwaka 1832?" Aliinuka, akafuta mikono. "Wageni wamealikwa kuona taa. Mwenye gazeti anakuja na kamera kwa ajili ya taa."

"Au wavae zile sketi za dansi ya pili, zile fupi. Zile hazikwenda kwa dobi."

"Na historia ianzie katikati? Sikiliza. Wasichana watasimama hatua mbili kutoka kwenye taa. Nimepima mwenyewe."

"Tina anapiga magoti mbele, Madame. Akiinama sketi inatandazika."

"Tina anajua mahali pa kuinama. Na kama Tina ana mama mdogo mwenye hofu, yupo Nahimana anayecheza nyuma yake, amejifunza dansi hiyohiyo na anaililia kila siku." Alimtazama Agathe kwa macho ambayo hayakuwa mabaya, yalikuwa yamechoka, nayo yameshaamua. "Nilikufungulia mlango. Sikuuliza maswali. Leo nakuomba kitu kimoja: nyamaza."

Kisha akamwagiza Spès azichukue zile sketi nne, na yeye mwenyewe akazifungia ofisini kwake kwa ufunguo.

Kutoka saa hiyo mpaka saa tisa alasiri, saa ya onyesho, Agathe hakumeza kitu. Alizunguka nyuma ya jukwaa. Alitafuta ndoo za mchanga, akakuta mbili. Moja ilikuwa imejaa vipande vya sigara, nyingine ilikuwa tupu na buibui ndani. Alimtuma Doudou ajaze zote mbili mchanga wa barabarani, na Doudou, aliyekuwa na wateja wanaomngoja, alikwenda mara moja na hakurudi tena dukani kwake siku hiyo. Agathe alilowesha blanketi katika sinki, akaliweka chini ya meza. Alihesabu milango ya ukumbi: ulikuwa mmoja mkubwa mbele, na mmoja mdogo wa pembeni ambao pazia zito liliufunika. Kila mara aliificha mikono yake katika aproni, kwa sababu wasichana walikuwa wakifika, wakicheka, wakibandika nywele zao kwa pini, na hofu ni kitu kinachoambukiza.

Ulikuwa utaratibu wa shule hiyo kwamba Agathe ndiye aliyemfunga kila mchezaji vazi lake. Vishikizo vya chuma havikuaminika. Msichana akivuta pumzi kwa nguvu vinafyatuka. Kwa hiyo, dakika za mwisho, alipita na sindano na uzi mzito, akimshona kila mmoja mgongoni ndani ya bodisi yake. Hakuna aliyepanda jukwaani pasipo mkono wake. Ilipofika saa nane na nusu, Madame alifungua ofisi, sketi zikatoka, wasichana wanne wakavaa na kumgeuzia mgongo.

Agathe hakuinua sindano.

"Sitashona," alisema.

Kisha mtu akacheka kwa wasiwasi. Madame alikuja, akatazama migongo minne iliyo wazi, akamtazama Agathe. Hakupaza sauti. Alimwambia Spès alete kopo la pini za usalama.

"Madame," Spès alinong'ona, "pini haziwezi…"

"Zitaweza dakika sita."

Spès aliinamisha kichwa, akaanza kubana. Agathe alimshika Tina mkono, akamvuta kando, kwenye pembe ya mapazia. Mtoto alikuwa amepakwa poda usoni, na ndani ya poda hiyo macho ya Ghislaine yalimtazama.

"Vua hiyo, Tina."

"Mama mdogo, tafadhali. Si leo."

"Iko mshumaa ndani. Nimeona kwa macho yangu ikiwaka. Muulize Doudou."

"Weye unaogopa birika!" Tina alisema, na sauti yake ikapasuka. "Unaogopa pasi, unaogopa kibatari, unaogopa keki ya Nahimana siku ya kuzaliwa kwake, ulitoka nje wote wakakutazama! Miye nilikuwepo Uvira vilevile. Yule alikuwa mama yangu. Na sitaki kila siku ya maisha yangu iwe Uvira."

Alichomoa mkono wake. Neti ilipogusana na neti ilitoa sauti ya karatasi kavu, na alikuwa amekwenda.

Sasa ukumbi ulikuwa umejaa. Joto lilikuwa kali. Wanawake wa Westville walijipepea kwa karatasi za programu. Taa za umeme zilizimwa, mapazia yakafungwa. Madame mwenyewe, amevaa gauni jeusi, alipita mbele ya jukwaa akiwasha taa, na kila taa iliyowaka ilipokewa na mnong'ono wa furaha kutoka gizani. Kutoka pembeni, Agathe aliziona zikizaliwa moja baada ya nyingine. Aliliokota blanketi lenye maji chini ya meza, akalikumbatia, na maji yakamshuka miguuni.

Kaseti ikaanza. Wasichana waliingia kwa ncha za vidole, na, Mungu anajua, walikuwa wazuri. Hawakuonekana kukanyaga. Sketi zilichukua mwanga wa taa na kuurudisha umelainika, kama zinaangaza zenyewe kutoka ndani. Na Agathe, ambaye alijua kinachong'aa ndani yake, alisikia watu wazima wakivuta pumzi kwa mshangao, akalibana blanketi zaidi. Walikwenda nyuma. Walikuja mbele. Hatua mbili, alisema Madame. Walisimama hatua mbili. Walirudi tena, na pini moja mgongoni kwa Nahimana ilikuwa imeachia, bodisi imeanza kufunguka, naye akasogea mbele kidogo kuificha, na wenzake, waliozoea kujipanga naye, wakasogea pamoja naye.

Hatua moja.

Nenda, Agathe alijiambia. Miguu haikwenda. Ilikuwa imesimama ng'ambo ya barabara ya Uvira. Aliwaza: labda Madame amesema kweli, labda ni mimi tu mwenye ugonjwa, dansi itakwisha, watapiga makofi, na kesho watanicheka mpaka machozi, na Tina hatanisamehe, lakini atakuwa hai na mwenye hasira. Alitamani sana kuchekwa. Aliomba achekwe.

Ndipo mtu fulani, kwa sababu ya joto, akafungua ule mlango mdogo wa pembeni.

Upepo wa milimani uliingia kama mgeni asiyebisha. Pazia lilijaa, likajitupa ndani. Ndimi zote za taa zililala kwa pamoja kuelekea jukwaani, ndefu na za buluu, na katika dakika hiyo hiyo Tina alipiga magoti, akainama, na sketi yake ikatandazika mbele yake kama maziwa yaliyomwagika.

Agathe hakukumbuka baadaye jinsi miguu ilivyofunguka. Alikumbuka mbao, na mwanga machoni, na sauti ya mwanamke gizani ikisema kwa Kiingereza, huyu naye ni nani. Alikumbuka kwamba pindo la sketi lilikuwa tayari na mstari wa manjano, mwembamba, mzuri kabisa, unaotembea kwa haraka kuliko macho. Alijitupa. Blanketi lilianguka juu ya miguu ya Tina na yeye akaanguka juu ya blanketi, akaubana moto huo kwa tumbo lake, kwa viganja vyake, kwa kila kitu alichokuwa nacho, akihisi matone ya mshumaa yakimshika ngozi ya mkono wa kulia na kukataa kuachia. "Tulia, mtoto, tulia," alikuwa akisema. "Niko. Niko hapa." Chini yake Tina hakupiga kelele. Alikuwa amemshika mama yake mdogo shingoni kwa mikono miwili, kama zamani.

"Rudini nyuma! Wote!" Sauti hiyo ilikuwa ya Doudou. Alitokea upande wa pili na ndoo, akamwaga mchanga juu ya taa, safu nzima, kisha ndoo ya pili, mpaka ukumbi ukawa gizani na harufu ya mafuta. Mtu alikohoa. Mtu mwingine, akidhani ndiyo sehemu ya mchezo, alianza kupiga makofi, akaacha.

Taa za umeme zilipowashwa, Spès alikuwa amewakusanya wasichana watatu ukutani na kuwavua sketi mwenyewe. Ya Tina ilikuwa imeliwa upande mmoja mpaka juu ya goti. Mguu wake ulikuwa mwekundu mahali padogo. Zaidi ya hapo hakuwa na jeraha.

Katika ofisi, Madame alifunga mlango. Agathe alikaa kwenye kiti, mkono wake ndani ya beseni la maji. Tina alisimama karibu naye, amejifunga shuka. Madame hakukaa. Mikono yake ilitafuta kitu cha kushika mezani, ikashika kopo la pini, ikaliacha.

"Wafadhili wanangoja nje," alisema. "Mwenyekiti wao ameuliza kilichotokea. Wakisikia kwamba nilionywa asubuhi, shule hii imekwisha. Si mimi tu. Wasichana arobaini. Spès. Wewe."

Agathe aliugeuza mkono wake majini. Maji katika beseni yalikuwa yakisikika.

"Nitawaambia ulikuwa na hofu ya vita," Madame aliendelea, kwa haraka zaidi. "Nitawaambia uliona taa, ukakumbuka mambo yenu, ukakimbilia jukwaani na ukaiangusha taa kwa bahati mbaya. Watakuhurumia. Hakuna atakayekulaumu. Wewe utakubali tu kwa kichwa. Chumba kitabaki chako, na Tina atabaki na nafasi yake, naapa mbele ya Mungu."

"Sikuangusha taa, Madame."

"Najua hukuangusha!" Kisha akajizuia, akashusha sauti, na sauti hiyo ya chini ilimtisha Agathe kuliko kelele. "Ni neno moja, Agathe. Na mimi nilisema neno moja kwa ajili yako mbele ya ofisa, nalo halikuwa kweli, unalijua. Bila neno hilo mngekuwa wapi ninyi wawili? Una deni langu. Sijawahi kukudai. Leo nadai."

Lilikuwa deni la kweli, na Agathe hakuwa mtu wa kulikana. Karatasi yake ilikuwa inakwisha Novemba. Alimwona yule ofisa tena, kalamu yake, muhuri wake, na safari hii hakuna mwanamke mwembamba aliyesimama pembeni kusema huyu ni mtu wangu. Aliona mfuko wa plastiki, na barabara. Hofu hiyo haikuwa ndogo kuliko ile ya moto. Ilikuwa baridi tu. Akatazama mguu wa Tina. Kama angesema kwamba kilichouwasha moto ni wazimu wake, basi mwaka ujao taa zingerudi, na wasichana wangevalishwa nguo nyingine na mtu mwingine asiyejua, na hakuna ambaye angeuliza.

Mlango ukagongwa. Sauti ya mwanamume, ya upole, iliuliza kwa Kiingereza kama kila mtu yuko salama, na kama angeweza kuongea na yule mama.

Madame alimtazama Agathe. Midomo yake ilisema, bila sauti, tafadhali.

Agathe alitoa mkono wake majini, akasimama. 

"Ulinifungulia mlango, Madame," alisema. "Nitasema hivyo kwa kila mtu, mpaka nife. Ukiugua nitakuja kukuogesha. Ukitaka nikushonee nguo maisha yangu yote, nitashona. Lakini lile neno unalotaka sina. Deni hilo, kwa njia hiyo, silipi."

Akamshika Tina mkono, akafungua mlango.